Somo: Kuvua trauti kwa nzi bandia wakati wa baridi kali

Theluji ya kwanza ikianguka, wengi hufungasha fimbo mpaka majira yageuke. Mkifanya hivyo, mtawaachia wenzenu samaki. Trauti, samaki wa maji baridi, hula hata msimu huu, ila hula kidogo na hatoki mbali kufuata mlo, kwa hiyo kazi yako ni kumpelekea mdomoni nzi bandia, yaani ndoana iliyovalishwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Kwanza hakikisha sheria inaruhusu, maana mito mingi hufungwa miezi hii.

Hatua ya 1: Pima maji, si hewa

Joto la mwili wa trauti hufuata joto la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, mwili unakuwa mzito na chakula husagika polepole. Chovya kipimajoto ukifika, kisha urudie adhuhuri. Mimi hutazama zaidi kama namba inapanda: mto unaotoka nyuzi 3 kwenda 5 ni bora kuliko uliokuwa 6 na sasa unashuka. Ndiyo maana hakuna haja ya kudamka. Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri zinatosha. Jihadhari na siku ya jua kali baada ya theluji nyingi, kwani theluji inayoyeyuka hupoza mto mchana kweupe. Chini ya bwawa linalofungulia maji ya kilindini, joto halibadiliki sana, na huko ndiko pa kukimbilia baridi ikizidi.

Hatua ya 2: Tafuta maji ya polepole

Vilindi, mikia ya vilindi (mwisho wake, maji yanapoanza kupungua kina), na pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia. Trauti hukaa kwa makundi msimu huu. Ukimpata mmoja, usihame.

Hatua ya 3: Funga vidogo, shusha chini

Wadudu wanaopatikana zaidi ni wale wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Funga nzi wa mfano wa lava (mdudu mchanga) wao, mwembamba, mweusi au mwekundu, ndoana namba 18 hadi 24 (namba kubwa ni ndoana ndogo), nyuma ya nzi mzito kidogo. Weka chelezo (kieleacho juu ya maji) kwenye mshipi, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwa nzi, na chubwi (kizito cha kuzamisha) ndogo ya kugusa changarawe mara mojamoja. Isipogusa kamwe, unavua juu ya vichwa vyao.

Acha nzi aende na mkondo bila kuburutwa. Sasa tazama chelezo: hakitadidimia kama wakati wa joto. Kitasita tu, kama vile kimekwama kwenye jani, kisha kiendelee. Hapo inua fimbo. Ukingoja uhakika, ameshatema.

Hatua ya 4: Barafu kwenye pete za fimbo

Chovya fimbo majini iyeyuke. Usiibandue kwa nguvu, ncha itavunjika. Na usikunje mshipi kila mara. Kila ukiuvuta, unaacha maji peteni yakagande.

Maziwani

Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo chini ya ziwa kuna joto kuliko chini tu ya barafu. Tafuta midomo ya vijito, ambako maji hubaki wazi, na uvue ukiwa ukingoni. Kutoboa tundu kwenye barafu ni uvuvi mwingine, nami sina subira nao.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nzi wa kuelea juu hafai kabisa?*
Anafaa, mchana wa mawingu usio na upepo. Ukiona pua za trauti zinachomoza taratibu kwenye maji tulivu, badilisha mara moja.

*Nikifika asubuhi mto umejaa rojo la barafu. Nirushe hivyohivyo?*
Hapana. Litabeba chelezo na mshipi wote. Kunywa chai, subiri jua lilisafishe.

*Naruhusiwa kumtoa trauti nje ya maji nimpige picha?*
Hewa ikiwa chini ya sifuri, mashavu yake ya kupumulia yanaweza kuganda upesi. Lowesha mikono, mtoe ndoana akiwa majini.

*Ndugu, kuna changarawe safi, nyeupe kuliko zilizoizunguka. Nisimame hapo?*
Zunguka mbali! Huenda hicho ni kiota cha trauti wa kahawia. Hutaga majira ya vuli na mayai hulala humo baridi yote. Unyayo mmoja unayaponda.