Jinsi ya kuandaa historia ya ukoo kabla ya mkutano wa familia (uzoefu wa Bahi)

Nimetoka kuwasaidia wakwe zangu wa Bahi, mkoani Dodoma, kuandaa mkutano wa ukoo, na sasa ndugu wa pande nyingine wananiomba utaratibu. Kamati, michango na kundi la WhatsApp sigusi. Hayo kila ukoo unayajua.

Hatua ya 1: Mwezi. Chagueni Julai au Agosti. Desemba wa Dar wana likizo, lakini huku mvua ndiyo inaanza na wazee wako shambani. Wiki ya Nanenane ni nzuri, maana ndugu wengi wanakuja kwenye maonyesho ya wakulima Nzuguni hata hivyo.

Hatua ya 2: Nunua kaunta buku na penseli. Programu za simu za kuchora ukoo sizitaki. Mzee wa miaka themanini hawezi kukuonyesha kwa kidole nani ni mtoto wa nani kwenye kioo kidogo vile.

Hatua ya 3: Watume wajukuu wakaulize. Mjukuu na babu yake ni watani. Mimi mkwe nitaanzaje kumhoji mama mkwe habari za ndoa? Waombe ruhusa kwanza, ndipo warekodi kwa simu.

Hatua ya 4: Miaka. Hapa ndipo muda wote unaishia. Usimuulize mzee alizaliwa lini, na tarehe ya kitambulisho usiitegemee, nyingi zilikadiriwa kwenye dirisha la kujiandikishia. Muulize alikuwa anafanya nini wakati wa tukio fulani. Tuliandika matukio kwanza kwenye ukurasa mmoja: karanga za Waingereza kule Kongwa (zilianza 1947), Uhuru (1961), Azimio la Arusha (1967), kuhamishiwa vijijini (huku Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970), vita ya Kagera (1978 hadi 1979). Anayesema "Uhuru nilikuwa nachunga ndama" alikuwa na miaka sita hadi tisa, kwa hiyo andika "1952–55" na usilazimishe mwaka mmoja. Ng'ombe wakubwa huchungwa na mvulana mkubwa zaidi, kwa hiyo uliza ni ndama au ng'ombe.

Angalia mitego. Akisema "wakati wa vita", uliza vita ipi: ya Mjerumani, ya Hitla au ya Amini. Akisema "mwaka wa njaa", uliza walikula nini. Unga wa njano ni katikati ya miaka ya 1970. Njaa ya Mtunya ni ya zamani zaidi, mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na wazee wanaijua kwa kusimuliwa tu. Watu walitawanyika sana wakati ule, kwa hiyo mstari wa ukoo ukikatikia hapo, usiwabane. Kuhamia vijijini nako kuna tarehe mbili, ya kuambiwa na ya kuhama kweli. Uliza nyumba mpya ilijengwa kabla au baada ya mavuno. Ukiweza, mwende na mzee mpaka kwenye mahame yao, yaani makazi waliyoyaacha. Akiyaona mabaki ya tembe na mbuyu wa pale, majina yanatoka yenyewe.

Wanaume wakibishana nani mkubwa, uliza nani alienda jando na nani. Miaka huipati, ila mpangilio unaupata, na mara nyingi unatosha. Kwa waliobatizwa, angalia daftari la parokia.

Hatua ya 5: Majina. Mjukuu akipewa jina la babu, andika jina la baba na kijiji pembeni, la sivyo watu wawili watageuka mmoja. Wanawake waandikwe kwa majina yao, si "Mama fulani".

Hatua ya 6: Siku yenyewe. Projekta achana nayo: jua la Dodoma litaimeza. Tandaza kitambaa cha marekani kati ya nguzo mbili, chora kwa makapeni, acha nafasi pana chini kwa watoto. Fanyeni hili kabla ya ugali wa uwele na mlenda. Baada ya hapo hotuba zitakula muda wote. Wazee wakipishana, andikeni matoleo yote mawili.

Piga picha kila ukurasa jioni ile ile. Kaunta buku libaki kwa shangazi anayeishi kijijini, si kwa mwenyekiti wa kamati aliyeko Dar.