Somo: Ukitaka kuijua ndoa ya ndege, mfuate jike

Wengi tukianza kuchunguza ndege huvutwa na dume: ndiye mwenye rangi, ndiye mwimbaji, ndiye mgomvi. Nilijaza daftari zima la madume kabla ya kugundua kwamba nimemwacha mwenye shughuli.

Hatua ya 1. Mtambue kila jike. Pete za rangi miguuni (avishe mwenye kibali) zinasaidia mno, maana majike hufanana.

Hatua ya 2. Chora anakozunguka. Hapa ndipo penye uhondo. Chukua danoki, ndege mdogo wa kahawia aliyechunguzwa na mtafiti Nick Davies katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Chakula kikiwa haba, jike hutanua eneo lake hadi dume mmoja anashindwa kulilinda, na wa pili anajipenyeza. Mwaka 1984 Davies na mwenzake walieleza kilichotokea walipoongeza chakula: mizunguko ya majike ilipungua, ikawa rahisi kwa dume kummiliki jike peke yake, hata majike wawili. Mizunguko ya madume yenyewe haikuathiriwa moja kwa moja na chakula!

Hatua ya 3. Tazama anavyowagawia madume. Jike wa danoki humponyoka dume mwenye cheo vichakani, akamfuata yule wa chini. Ana hesabu zake: dume wa chini akipandana naye vya kutosha, husaidia kulisha makinda, akinyimwa, hasaidii.

Hatua ya 4. Andika ugomvi wa majike wenyewe. Jike wa kwezi wa Ulaya humfukuza jike mgeni anayenyemelea dume wake. Kwa shomoro ni balaa: wake wenza huweza kuuliana makinda. Kwa hiyo dume kutaka mitala ni jambo moja, kuipata ni jingine.

Hatua ya 5. Andika tarehe ya yai la kwanza la kila kiota. Majike wakitaga wakati mmoja, dume hawezi kuwawahi wengi.

MASWALI

Mwalimu, kwani si uzuri wa dume ndio unaoamua?
Uzuri una kazi kwa sababu yupo anayeuchagua. Mwaka 1982 mtafiti Malte Andersson alichapisha jaribio la Kenya kuhusu ndege weusi wenye mkia wa karibu nusu mita. Alikata mikia ya baadhi na kuwaongezea wengine. Waliorefushiwa walipata viota vingi zaidi katika maeneo yao.

Kuna majike wenye waume wengi kabisa?
Wapo. Jakana, wale watembeao juu ya majani ya yungiyungi: jike ni mkubwa kuliko dume, hulinda eneo lenye madume kadhaa, na kila dume huatamia na kulea.

Nikiona jozi imetulia, niandike ni waaminifu?
Andika "jozi" tu. Tangu vipimo vya DNA vianze kutumika miaka ya 1980, makinda wengi wamekutwa na baba wa kiota cha jirani, na wakati mwingine ni jike aliyemfuata huko, alfajiri, wewe bado unatafuta darubini.