Kuorodhesha vitu vya makumbusho kwa istilahi sanifu

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Kadi moja ya makumbusho imeiandika "mbuzi", nyingine "kibao cha mbuzi", na kadi kuukuu ya zama za ukoloni ina jina la Kiingereza peke yake. Ukitafuta "mbuzi" kwenye kompyuta utaletewa baadhi ya vibao pamoja na ngoma iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Vibao vingine hutaviona. Istilahi sanifu huondoa tatizo hili kwa kuipa kila dhana namba yake, kisha majina yote, ya lugha yoyote, yanafungwa kwenye namba hiyo.

Kwa aina ya kitu, malighafi na mbinu ya utengenezaji, tumia AAT (Art & Architecture Thesaurus), orodha ya istilahi za sanaa na usanifu majengo ya taasisi ya Getty ya Los Angeles. Namba zake zina tarakimu 9 na huanza na 300. Picha za kuchorwa kwa rangi, kwa mfano, ni 300033618. Majina ya mahali yako kwenye orodha iitwayo TGN, ya wasanii kwenye ULAN, nazo ni za Getty. Orodha nyingine, Nomenclature, iliyotolewa kwanza Marekani mwaka 1978, ni nyepesi zaidi kwa vyombo vya nyumbani na zana, maana hupanga vitu kwa kazi yake. Zote ni bure mtandaoni. Ila chagua moja kwa kila safu ya jedwali lako: ukichanganya AAT na Nomenclature kwenye safu ileile, umerudi kulekule ulikotoka.

Panga jedwali kabla ya kuchapa chochote. Aina ya kitu inahitaji safu tatu: jina la kuonyeshwa, namba ya istilahi, na orodha ilikotoka. Ongeza jina la kienyeji na msimbo wa lugha (sw kwa Kiswahili), kisha safu ya maelezo ya awali yaliyonakiliwa kama yalivyo kwenye kadi, hata yakiwa ya matusi. Kadi za zamani zinaita vifaa vya waganga kwa majina ya dharau. Majina hayo yabaki humo kama ushahidi, yasiingie kamwe kwenye aina ya kitu.

Safu zote za namba zipe kwanza muundo wa maandishi (Text). Ukiiachia Excel iamue yenyewe, namba ya usajili 1987.10 inakuwa 1987.1, yaani kitu kingine kabisa, na 87-3-12 inageuka tarehe. Ukishahifadhi faili, ile sifuri hairudi.

Sasa tafuta. Kwenye AAT jina kuu la kitu kinachohesabika huwa katika wingi, la malighafi katika umoja. Usinakili jibu la kwanza. Soma ufafanuzi wa istilahi, kisha angalia iko chini ya tawi gani: neno la Kiingereza la ngoma hukupa ala ya muziki na pia ukuta wa mviringo unaobeba kuba. Ukikosa istilahi ya kitu chenyewe, panda ngazi moja hadi dhana pana iliyo ya kweli. Mbuzi ikikosekana, vikunio vya jikoni vinatosha. Halafu iandike mbuzi kwenye orodha yenu ya ndani, kwa namba yenu wenyewe, na utaje kwamba ile namba ya AAT ni dhana pana, si sawa kabisa. Anayefanya kosa hapa kwa kawaida ni yule anayetaka kila kisanduku kijae, akachukua istilahi inayofanana kwa sura tu.

Malighafi ndiyo huponza wengi. Kwenye lebo za Kiingereza mpingo huitwa kwa jina la abunusi, lakini mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya kunde, na abunusi ni wa jenasi ya Diospyros. Tena vinyago vingi "vya mpingo" ni mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu. Tazama chini ya kitako na ndani ya nyufa, palipokwaruzika. Mti wa ndani ukiwa mweupe, jibu umelipata. (Mpingo huzama majini, ni kweli, lakini hilo si jaribio la kufanyia kitu cha makumbusho.) Usipokuwa na uhakika, andika "mbao" na namba yake. Atakayekuja baadaye ataweza kubainisha mti. Mti uliobainishwa vibaya hauna atakayeushuku.

Tarehe nazo zigawe: moja ya kusomwa na watu, "karne ya 19", na mbili za kompyuta, 1801 na 1900.

Kwa orodha iliyokwisha kuingizwa ovyo, tumia OpenRefine, programu ya bure. Nakili faili kwanza. Ondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa maneno, kisha iambie ikusanye tahajia zinazokaribiana, kama "kikapu" na "Kikapu ". Kila kundi likubali kwa jicho lako: programu inaweza kupendekeza "kinu" na "kinoo" viwe kitu kimoja, na kinoo ni jiwe la kunolea. Ukimaliza, ioanishe safu na AAT kupitia huduma ya Getty, ila alama ya juu ya ulinganifu isikufanye ukubali bila kusoma ufafanuzi.

Ruhusa ya kuongeza istilahi kwenye orodha ya ndani apewe mtu mmoja. Wengine wachague kwenye menyu, wasichape.