Kutambua Mabehewa ya Zamani ya Abiria Dar es Salaam

Kwanza jua uko kwenye reli ipi. Dar ina tatu, na mabehewa ya reli moja hayapiti kwenye nyingine. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake viwili. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa miaka ya 1970, ni 1,067. SGR, reli mpya ya umeme, ni 1,435. Tofauti ya milimita 67 kati ya mbili za kwanza haionekani kwa macho. Soma herufi za mwenye reli ubavuni mwa behewa. Anayetafuta vikongwe akae Reli ya Kati, kwa kuwa TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilirithi mali za shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977. (Usiidharau SGR, lakini: mabehewa yake ya ghorofa yalishatumika Ujerumani kabla ya kukarabatiwa.)

Rangi usiiamini hata kidogo, maana behewa hupakwa upya mara nyingi. Angalia bodi. Safu za ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabati) kwenye mabati na fremu kwa kawaida ni dalili ya umri; mabati laini yaliyochomelewa ni ya baadaye. Dirisha la kuteremshwa kwa mkono na matundu ya hewa juu ya paa nayo huashiria behewa lililoundwa kabla ya kiyoyozi kuzoeleka.

Kisha inama uangalie bogi, yaani fremu inayobeba magurudumu. Mwishoni mwa ekseli, kasha lenye kifuniko cha kufunguliwa ili kutia mafuta ni la mtindo wa kale. Kifuniko cha duara kilichokazwa kwa bolti huficha beringi za kisasa. Springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama za lori, kwa kawaida ni kongwe kuliko za koili, yaani chuma kilichozungushwa. Mpira wa breki, yaani bomba linaloning'inia mwishoni mwa behewa, nao husema: mnene ni wa breki za vakyumu (za kufyonza hewa), mwembamba wenye koki ni wa breki za upepo uliobanwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Karakana huhamisha bogi kutoka behewa moja kwenda jingine, kwa hiyo mwaka uliochongwa kwenye bogi ni wa bogi tu. Tafuta kibao cha kiwandani kwenye fremu kuu, kwa kawaida karibu na kona. Kikikosekana, andika namba ya behewa na upige picha tatu: ubavu mzima, bogi, na mwisho wenye mipira ya breki.

Treni inayotoka Pugu, upande wa magharibi wa jiji, asubuhi huelekea mashariki, jua likiiangaza usoni. Jioni ile inayotoka mjini hupata mwanga huohuo. Mwezi Juni simama kaskazini mwa reli, Desemba kusini. Treni ikitembea, kasi ya shata ya kamera isipungue 1/500 ya sekunde, vinginevyo namba haitasomeka. Stesheni, omba ruhusa kwa mkuu wake kabla ya kutoa kamera, na pembeni mwa reli kaa angalau mita tatu: milango huwa wazi na abiria huning'inia.