Chubwi ya gramu ngapi? Uzito kwanza, kalibu baadaye

Wanaokuja kwangu kutengeneza chubwi, yaani vizito vya mshipi, na kopo la madini ya risasi mkononi, huuliza swali lile lile: "Fundi, kalibu ipi nzuri?" Nami huwarudishia jingine: unavua kina cha pima ngapi, maji yanakwenda vipi, na mshipi wako ni mnene kiasi gani? Hapo wengi hucheka wakidhani nawazungusha. Kalibu, umbo la kumiminia risasi iliyoyeyuka, ni chombo tu. Ukitengeneza kalibu ya gramu 500 kwa sababu uliiona kwa jirani, utabaki na chubwi 20 nzuri za kupima ukuta, na samaki hujapata.

Nipo Tanga, na chubwi zangu nyingi huenda kwa wavuvi wa mshipi wanaotoka na mashua na ngalawa. Nitaeleza ninavyofanya, kuanzia uzito hadi kumimina.

Hatua ya 1: Pima bahari kabla ya kupima risasi

Kanuni yangu ni moja: chubwi sahihi ndiyo nyepesi kuliko zote zinazofika chini na kukaa. Ikizidi hapo, samaki kama changu anagusa chambo wewe husikii kitu, maana mkono wako unasikia risasi peke yake. Ikipungua, mshipi unapeperuka na chambo kinaelea juu ya mwamba.

Kinachoamua si kina peke yake. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hupanda na kushuka hata mita 4 katika mwambao wetu, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Chubwi iliyotulia vizuri siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, itaburutwa siku za bamvua pale pale ulipotia nanga jana. Halafu kuna msimu: mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, unakaza zaidi. Anayevua mkondo wa Pemba mwezi wa saba hawezi kubeba chubwi za Februari.

Na mshipi wenyewe. Uzi wa milimita 1 unashika maji kama tanga. Wa milimita 0.6 unapita kwa urahisi, kwa hiyo ukibadilisha uzi unaweza kupunguza risasi bila kupoteza chochote. Mara nyingi mtu huja kutaka chubwi nzito zaidi, kumbe anachohitaji ni uzi mwembamba.

Sasa jaribio lenyewe. Shona kifuko kidogo cha kitambaa kigumu. Chukua vipande vya risasi, vipime kwa mizani ya jikoni, kila kipande gramu 50. Nenda unakovua siku zote, tia vipande viwili, shusha. Usitazame saa, sikiliza kidole. Chubwi ikigusa mwamba utasikia "tok" kavu. Ikigusa mchanga utasikia mshipi umelegea tu, kama mtu aliyeketi. Ukishasikia, kaza uzi taratibu kisha hesabu hadi 20. Mshipi ukiwa bado umesimama karibu wima, toa kipande ujaribu tena. Ukiwa umelala kama kamba ya nanga, ongeza. Andika namba na hali ya maji: bamvua au mafu, kusi au kaskazi (upepo wa kaskazini). Safari tatu nne za namna hiyo zinatosha.

Kwa kukupa mahali pa kuanzia tu: ndani ya mwamba, mita 5 hadi 15, mimi huanza na gramu 80. Mita 30 na ushee, gramu 200 hadi 300. Wanaoshusha zaidi ya mita 80 kwa mshipi mnene huniagiza nusu kilo, na bamvua wanarudi kutaka zaidi.

Hatua ya 2: Punguza namba

Usitengeneze uzito saba. Tatu au nne zinatosha, kila moja ikiwa karibu mara mbili ya iliyotangulia: 80, 150, 250, 450. Kati ya gramu 150 na 170 mkono hautambui tofauti yoyote.

Hatua ya 3: Umbo hufuata sakafu ya bahari

Kwenye mwamba nataka chubwi laini, ndefu kidogo, umbo la pea. Pembe ndizo zinazonasa. Na hata iwe laini vipi itanasa siku moja, kwa hiyo ifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi wako. Ikikwama, uzi huo ndio unaokatika; unapoteza chubwi, unabaki na ndoana na samaki.

Kwenye mchanga mambo hugeuka: umbo la duara linabingirika, bapa au la pembe nne linakaa. Chubwi ya bomba, yenye tundu katikati ambamo mshipi unapita, ni nzuri kwa samaki mwenye wasiwasi, kwa sababu anavuta uzi bila kuinua risasi. Za nyavu sizigusi hapa. Hizo ni vipande vyembamba vinavyokunjwa juu ya kamba, havihitaji kalibu.

Hatua ya 4: Chagua kalibu

Kalibu za alumini za dukani, zile za vipande viwili vyenye bawaba, ni safi na zinatoa chubwi zinazofanana. Tatizo ni kwamba uzito umeshaamuliwa na mtu ambaye hajawahi kuona mkondo wako.

Ninayoitumia kuliko zote ni ya chuma cha engo, kile chenye umbo la L. Vipande viwili vya urefu wa sentimita 15 vinavyotazamana hufanya tundu la mraba. Ninavibana kwa jiliwa, ninasimamisha juu ya kipande cha bati jeusi na kuzungushia mchanga mkavu chini risasi isitoroke. Risasi haishiki kwenye chuma, ukifungua inadondoka yenyewe. Uzuri wake ni hesabu. Risasi ina uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Tundu langu ni sentimita 2 kwa 2, kwa hiyo kila sentimita ya urefu ni gramu 45. Nikitaka 250 namimina hadi sentimita 5 na nusu. Nimepiga alama kwa tupa ndani ya engo, na kalibu moja inanipa uzito wote. Pembe zake nazipunguza kwa nyundo baadaye, kwa wanaovua mwamba.

Bomba lililopakwa zinki usilitumie. Mbao inafaa kwa chubwi chache kabla haijaungua. Kwa ndogo za gramu 20 au 30 jaribu mfupa wa dome (mnyama wa baharini jamii ya pweza), ule mweupe unaookotwa ufukweni: ukate katikati, bonyeza umbo unalotaka kwa kidole, funga kwa waya. Masonara wamemiminia fedha humo tangu zamani.

Kalibu yenye umbo la ajabu utajuaje uzito wake? Ijaze mchanga laini mkavu, kisha umimine mchanga huo ndani ya bomba la sindano na usome mililita. Zidisha kwa 11. Nimesema mchanga, sikusema maji, na sababu inafuata.

Hatua ya 5: Unyevu

Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto linageuka mvuke mara moja, na mvuke huo unataka nafasi mara 1,700 ya ile ya maji. Utatafuta njia, na njia ni juu, usoni kwako.

Mimi niliacha kalibu ya mbao nje usiku. Asubuhi niliigusa, nikaona kavu. Umande ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi za mbao. Risasi iliruka hadi kwenye makuti, na alama ya kwenye kifundo cha mkono ninayo hadi leo. Tangu siku ile kila kalibu hukaa kando ya jiko robo saa kabla ya kazi, na kijiko pia, na kipande chochote cha risasi kinachoongezwa sufuriani. Miwani, suruali ndefu, viatu vya kufunika. Ndala hapana.

Hatua ya 6: Risasi ya kuyeyusha

Mabomba ya zamani, maganda ya nyaya za simu za chini ya ardhi na vizito vya magurudumu vinafaa. Vizito vya siku hizi vingine ni chuma au zinki. Vibane kwa koleo, risasi inabonyea, zinki inagoma.

Betri za gari usizifungue. Nasema hivi nikijua ndizo zinazopatikana kirahisi. Kuna asidi, kuna vumbi la sumu, na mabati yake yana metali zinazoweza kutoa gesi ya kuua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na watoto wakaonekana na risasi kwenye damu. Phyllis Omido aliyepigania jambo hilo alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Jiko liwe nje, upepo ukikupiga mgongoni. Watoto wasiwepo, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini; nawa kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Hatua ya 7: Mimina

Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Mimi sina kipimajoto. Nachovya kijiti kikavu: kikigeuka hudhurungi taratibu, tayari; kikiwaka moshi mweusi, punguza mkaa. Usiikaribishe nyuzi 419, maana hapo zinki iliyokuponyoka nayo huyeyuka. Chini ya hapo inaelea, unaiopoa. Tupia kipande cha mshumaa, koroga, kisha ondoa mavi ya juu, yaani uchafu unaoelea, kwa kijiko. Mshumaa utashika moto, usishtuke.

Pitisha kalibu juu ya moshi wa mshumaa hadi ipate masizi. Weka kitanzi cha waya wa shaba au stenlesi, mimina kwa mkupuo mmoja, na uongeze kidogo pale juu risasi inapozama. Chubwi mbili tatu za mwanzo zitatoka na mikunjo kama uso wa mzee, kwa kuwa kalibu bado baridi. Zirudishe sufuriani. Zikianza kutoka na ukungu mweupe, kalibu imezidi moto, iache ipumue.

Zikipoa, zipime zote na uzipige namba kwa msumari. Zikitofautiana gramu 5 sihangaiki.