Ukuta Unatoka Jasho: Namna ya Kutumia Rangi ya Kuzuia Unyevu Ndani ya Nyumba

Kila masika napigiwa simu ileile. "Fundi, chumba kimefanya ukungu tena, njoo utupakie." Nikifika nakuta pembe za dari zimejaa vidoa vyeusi, kanga zilizokunjwa kabatini zinanuka uvundo, na rangi ya mwaka jana imevimba malengelenge. Mara nyingi mwenye nyumba keshanunua kopo la rangi ya kuzuia jasho, na si rahisi bei. Mimi humwomba asilifungue kwanza. Rangi hiyo ni nzuri, naitumia na naiamini, lakini inatibu aina moja tu ya maji. Ukiipaka pasipo pake umetupa pesa.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi

Maji yanayolowesha ukuta wa ndani hutoka njia tatu: ardhini yakipanda kupitia msingi, juu au ubavuni kupitia paa na mabomba, au hewani. Haya ya mwisho ndiyo tunayoita jasho la ukuta.

Futa ukuta kwa kitambaa mpaka ukauke juu. Kata kipande cha nailoni safi, kiasi cha kurasa mbili za daftari zilizofunguliwa, kibandike kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku mbili, na maisha ya nyumba yaendelee kama kawaida: kiyoyozi kiwashwe kama kinavyowashwa, jiko lipikwe. Kisha tazama. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, hilo ni jasho la hewa. Yakiwa nyuma yake, upande wa ukuta, maji yamo ukutani na rangi hii haitakusaidia.

Macho nayo husema mengi. Unga mweupe unaopukutika, tena ukiulamba una chumvi, karibu na sakafu na kupanda hadi usawa wa kiuno au zaidi, ni maji ya ardhini. Doa la kahawia lenye mstari pembeni, linalokua kila mvua ikinyesha, ni paa au bomba. Vidoa vyeusi vilivyotawanyika pembeni, nyuma ya kabati na juu ya dirisha ni jasho.

Hapo kwenye chumvi nasimama kidogo, maana visiwani kwetu Zanzibar ndiyo maradhi makubwa. Kuna nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi iliyomo ndani hunywa maji ya hewani, basi kila masika ukuta unalowa ingawa hakuna bomba lililopasuka. Dawa yake ni kubandua lipu iliyoingia chumvi na kupiga nyingine kwa mchanga safi.

Na wenye mabati wasikimbilie kulaumu paa. Usiku wa mbingu safi bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, alfajiri matone yakaanguka kitandani. Yakidondoka usiku usio na mvua, hilo si tundu, ni jasho. Hapo kinachofaa ni dari na upenyo wa hewa baina ya dari na bati.

Pili, ujue ukuta wako ni wa nini

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa. Kuta zake ni nene, hunywa unyevu na kuutoa, na zimeishi hivyo miaka mingi. Mwanzoni mwa kazi yangu niliipaka nyumba moja ya Mkunazini rangi ya mafuta, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua, kwa kuwa mwenyewe alitaka ukuta unaofutika. Unyevu ulipokosa pa kutokea ulipanda juu ya rangi. Baada ya masika mawili lipu ilitoka kwa mapande, na boriti moja ikaanza kuoza pale ilipoingia ukutani. Kazi ile bado inaniuma.

Kwa ukuta wa namna hiyo tumia chokaa. Iliyokwisha kulowekwa vizuri, nyepesi kama maziwa, ukuta uloweshwe kidogo kabla, na mikono (yaani mipako) minne au mitano myembamba badala ya miwili mizito. Chokaa huruhusu ukuta upumue, na ukali wake haupendwi na ukungu. Ukitaka kugusa upande wa nje, kumbuka Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Pita kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Maelezo yanayofuata ni ya kuta za matofali ya saruji na zege: nyumba za Ng'ambo, majumba ya Michenzani, nyumba mpya za mashamba.

Tatu, paka upande unaotoka jasho

Hapa ndipo wengi hukosea, hata mafundi. Rangi hizi zilitengenezwa kwa nchi za baridi kama Uingereza. Kule nje kuna baridi, ndani kuna joto na mvuke wa kupikia na kuoga, na mvuke ule ukikutana na ukuta baridi unageuka maji. Kwetu mambo ni kinyume. Hewa ya nje ndiyo yenye joto na maji, na baridi tunaitengeneza wenyewe kwa kiyoyozi.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Sasa mtu anaweka kiyoyozi kwenye 18 usiku kucha. Ukuta unapoa mpaka upande wa pili, na ule ukumbi wa nje ya chumba, usio na kiyoyozi, ndio unaotoka jasho na kuota ukungu. Nimeona watu wakipaka chumbani mara tatu huku ugonjwa uko ukumbini. Pita kwa kiganja pande zote mbili saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajafungua madirisha. Palipo na maji ndipo pa kupakwa.

Nne, ondoa ukungu

Usipake juu ya ukungu, utaitoboa rangi tu. Vaa glovu, miwani na barakoa, fungua madirisha, watoto na mwenye pumu watoke. Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo vinne, paka, subiri robo saa, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji safi. Jiki usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo wala sabuni yenye amonia, maana hutoka hewa inayoua. Usikwangue ukungu ukiwa mkavu, vumbi lake litaenea nyumba nzima.

Rangi iliyolegea ikwangue, ziba nyufa, piga msasa.

Tano, subiri

Ukuta ukauke hasa. Lipu mpya ipe siku 28. Mimi hupenda kazi hii kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, au wakati wa kipupwe. Ukilazimika kuifanya kwenye masika, washa feni siku kadhaa na urudie jaribio la nailoni kabla ya kushika brashi.

Sita, kupaka

Rangi ya kuzuia jasho ni nzito. Ndani yake mna vishanga vidogo sana vya glasi vilivyo tupu katikati, ndivyo vinavyofanya uso wa ukuta usiwe baridi sana, na nyingi zina dawa ya ukungu. Kwa hiyo ikoroge taratibu kwa kijiti. Ukiikoroga kwa mashine ya kasi vishanga vinavunjika na unabaki na rangi ya kawaida kwa bei kubwa. Usiiongeze maji ili ifike mbali. Unene wake ndio kazi yake.

Piga hesabu kabla ya kuagiza. Ukuta wa mita 4 kwa 2.8 ni mita za mraba 11.2. Kopo likisema lita moja hupaka mita za mraba 5, mikono miwili inataka lita 4 na nusu. Rangi ya kawaida ingetosha nusu ya hapo au chini zaidi, ndiyo maana watu huishiwa katikati ya ukuta.

Paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, palipokwanguliwa. Kisha tumia rola yenye manyoya marefu, uache rangi nene, usiivute ikawa nyembamba. Pembeni malizia kwa brashi. Mkono wa pili uje baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, na hewa yetu ikiwa nzito ongeza saa kadhaa. Ukimaliza usipige msasa, wala usiifunike kwa rangi ya mafuta.

Baada ya hapo

Rangi hii huchelewesha jasho, haiyaondoi maji yaliyomo hewani. Weka kiyoyozi 25 au 26 pamoja na feni. Chumba kitakaa vizuri na ukuta hautafika kwenye baridi ya kutoa maji. Chumba kikiwa na kiyoyozi, mlango na madirisha yafungwe. Kimoja kati ya viwili, ama hewa ya nje ama kiyoyozi, si vyote pamoja. Kabati livute mbele upana wa kiganja kutoka ukutani. Nguo mbichi zianikwe uani, na mvua ikizuia, zianikwe barazani.

Ikifika masika ya kwanza, bandika tena kile kipande cha nailoni mahali palepale. Ukikuta matone nyuma yake, kuna maji mengine yaliyojificha ndani ya ukuta. Anza na bomba la maji ya kiyoyozi. Mara nyingi linamwaga pale pale chini ya dirisha, na maji yanarudi ndani kupitia lipu.