Baba anapompa kisogo mwanawe kiziwi: namna ya kuandaa tamthilia hii

Mara ya kwanza nilipoelekeza tamthilia ya baba aliyekosana na mwanawe kiziwi, nafasi ya kijana nilimpa mwigizaji anayesikia. Alikariri ishara kwa wiki tatu. Baada ya onyesho mama mmoja kiziwi alinifuata, bintiye akamkalimania: "Mikono ya yule kijana inapepea tu, haisemi." Aliniumiza, na alisema kweli.

Kwa hiyo mtafute mwigizaji kiziwi kabla mswada haujakamilika, na mkalimani umlipe tangu siku ya kwanza ya kusoma. Asiwe ndugu wa mwigizaji, maana ndugu huanza kumjibia. Maneno ya kijana mwachie mwigizaji ayageuze mwenyewe. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo. Katiba ya 2010 imeiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge, nawe usiifuatishe Kiswahili chako neno kwa neno.

Sasa ugomvi wenyewe. Waandishi wengi humfanya baba apige kelele, lakini kelele hazimfiki huyu kijana. Kinachomfika ni kisogo. Baba akigeuka tu, mazungumzo yamekatika, na ukumbi mzima umeona. Akizima taa ya sebuleni, amemnyima mwanawe neno la mwisho. Kijana naye ana lake: akifumba macho, hakuna wa kumlazimisha asikilize. Fanyeni mazoezi ya vitendo hivi vitatu kabla ya kugusa maneno.

Katikati yao muweke dada aliyekalimani tangu utotoni, na umruhusu alainishe. Baba anasema, "Mwambie hana faida kwangu." Dada anaashiria, "Baba amechoka." Maandishi ya ukutani yaonyeshe kauli zote mbili, ili kila aliyekaa ukumbini, kiziwi na asiye kiziwi, ajue kile ambacho kijana hajui. Uongo huo wa huruma ndio utakaolipuka baadaye.

Baba asiwe jini. Mwaka 1880 mkutano wa walimu huko Milan uliamua watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi, na ishara zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi kwa miongo mingi. Mpe baba kumbukumbu ya aina hiyo: mwalimu alimwonya kwamba akiashiria, mtoto hatasema kamwe. Akatii kwa sababu alimpenda.

Taa za buluu za usiku ziepuke, zinameza mikono. Anayeashiria avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Kitenge chenye maua kinachosha macho. Viti vyenye kumwona mkalimani vizuri viwekee watazamaji viziwi.

Na tafadhali, usimponye kijana mwishoni. Hakuna anayehitaji mashine ya masikio ishuke kama muujiza. Viziwi hupeana majina ya ishara, na baba yetu kwa miaka ishirini hakuwahi kuuliza la mwanawe. Katika onyesho la mwisho anamwuliza dada, anajaribu, kidole kimoja kinakosea. Kijana anaushika mkono wa babake na kukinyoosha kile kidole. Mwambie fundi wa taa asizime hapo, asubiri mpaka mikono yote minne itulie.